Clifford Pickup na Mlingoti wa Enoch

Watu wa Ogdenshaw wakistaafu wana njia mbili za kuzeeka: kufuga njiwa au kufukua wafu wa ukoo wao katika daftari za zamani. Clifford Pickup hakupenda njiwa, kwa kuwa njiwa hunya popote bila kutazama cheo cha mtu. Basi akachukua wafu.

Cheo chenyewe, kwa asiyemjua, kilikuwa ukaguzi wa tiketi kwenye mabasi ya halmashauri. Usicheke. Wapo waliopewa nchi nzima waitawale na hawakuringa kama Clifford alivyoringa na ile koleo yake ya kutobolea tiketi. Alikuwa akipandia kituo cha chini, kofia imenyooka, sharubu zimechanwa, na abiria wote wakanyamaza kama wafiwa. Siku moja, mvua ya mawe ikipiga, alimshusha bibi kizee katikati ya kilima kwa sababu tiketi yake ilikuwa imeishia kituo cha nyuma. Bibi yule alikuwa mama mkwe wake. Hilda, mkewe, hakusema kitu siku ile, ila tangu hapo mpaka leo Clifford hupakuliwa mchuzi wa juu ya sufuria, nyama hubaki chini na mpishi.

Mtu wa namna hiyo hawezi kukubali kwamba ametokea hivihivi tu, kama uyoga. Lazima pawe na shina. Na mama yake Clifford, Mungu amrehemu, alimpa shina hilo tangu utotoni. Kila alipomwosha masikio alimwambia: "Tulia, weye. Sisi tuna damu ya Enoch Barcroft." Sabuni ikaingia sikioni, na maneno yakaingia pamoja nayo, na vyote viwili havikutoka tena.

Enoch Barcroft, kwa watu wa kanisa la Kimethodisti la pale juu, ni kama Ibrahimu. Alikuwa mfumaji wa sufu. Alikusanya majirani chumbani kwake, kando ya mtambo wa kufumia, akawahubiria mpaka wakaona aibu kuendelea kubanana pale, wakajenga kanisa. Kanisa lipo, limekuwa jeusi kwa moshi wa viwanda ambavyo vyenyewe vimeshakufa. Na kila mwaka, Ijumaa baada ya Pentekoste, makanisa ya bonde zima hutoka kuandamana: bendi za matarumbeta, watoto waliovaa nguo mpya zinazowawasha, na bendera za hariri pana kama ukuta wa nyumba. Bendera hubebwa kwa milingoti miwili, na kamba za mbele na nyuma za kuizuia isiruke na upepo. Mlingoti wa kushoto hubebwa na yeyote mwenye mgongo mzima. Wa kulia ni mlingoti wa Enoch. Huo hubebwa na damu ya Enoch, basi. Hata lipungue kanisa libaki na watu wa kujaa basi moja, mlingoti ule haushikwi na mgeni.

Mwaka huo, theluji ikiwa bado milimani, mbebaji Percy Barcroft akafa. Hakuacha mke wala mtoto, aliacha mbwa.

Clifford aliisoma habari hiyo gazetini akiwa mezani. Akaliweka gazeti chini. Akanyoosha mabega.

"Hilda, umesikia ya Percy?"

"Nimesikia. Hajazikwa bado, na wewe ushaanza kupima mabega."

"Mtu lazima awe tayari. Kanisa litaita."

"Litaita nani? Wewe na Enoch mnajuana?"

"Mama alisema."

"Mama yako alisema pia utakuwa mrefu," alisema Hilda, akaondoa vyombo.

Kanisa likaita kweli. Wilf Tattersall, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, mtu mpole mwenye kope nzito kama pazia la sinema, alitangaza Jumapili iliyofuata kwamba yeyote mwenye damu ya Enoch ajitokeze na ushahidi. Ushahidi, alisema, si maneno ya jikoni. Ni sensa.

Hapo ndipo uone mji wa wastaafu ulivyochangamka. Sensa zile za karne ya kumi na tisa, ambamo karani alipita mlango kwa mlango kuandika kila aliyelala ndani ya nyumba, zilikuwa kwenye tepe za filamu maktaba, na mbele ya mashine mbili za kuzisomea palikuwa na foleni ndefu kuliko ya duka la nyama. Lakini wengine walikwenda kwa kujifurahisha. Clifford alikwenda kama mtu anayefuata pensheni yake.

Kitu alichokitaka maishani kilikuwa hicho. Si fedha, fedha alikuwa nazo za kumtosha bahili. Alitaka bonde zima limwone, kwa mara moja, akipita chini ya kitu kikubwa kuliko kofia ya mkaguzi, na waseme: kumbe. Neno hilo tu. Kumbe.

Palikuwa na kero moja nayo iliitwa Doreen Lumb. Mama yake Doreen na mama yake Clifford walizaliwa tumbo moja, kwa hiyo kama Clifford alikuwa na tone la Enoch, Doreen naye alikuwa na tone hilohilo. Ila Doreen alikuwa na duka sokoni la kuuza utumbo wa ng'ombe na pai za nyama, na mikono yake ilinukia siki, na kicheko chake kilisikika mpaka kituo cha basi. Clifford alizoea kupita upande wa pili wa barabara.

Doreen alimwita kutoka mlangoni, kisu mkononi. "Clifford wetu! Nasikia unamtafuta Enoch. Ukimpata mpe salamu, mwambie na mimi nipo."

"Doreen, mambo haya yanataka utafiti. Si sawa na kukata utumbo."

"Utumbo nao unataka utafiti, kipenzi. Ukikata pasipo, unakutana na jambo."

"Damu ya Enoch," alisema Clifford, "inakwenda kwa wenye adabu."

"Aa! Basi ilikupita wewe ikaja kwangu, maana mimi mama mkwe wangu sikumshusha kwenye basi."

Soko zima lilicheka. Clifford akaenda zake maktaba, shingo nyekundu.

Sasa tazama jinsi ya kufuata mtu kwenye sensa. Unaanza na unayemjua, unarudi nyuma hatua kwa hatua, kila baada ya miaka kumi, kama mtu anayeshuka ngazi gizani, na sheria ni moja: usiruke daraja. Hata mimi ambaye shule tuliachana njiani ningeifuata sheria hiyo. Clifford alianza vizuri. Alimpata bibi yake akiwa msichana wa kiwandani. Daraja la chini yake akampata mama wa huyo bibi, aitwaye Kezia Barcroft kabla hajaolewa. Barcroft! Moyo ukampiga. Akashuka tena, Kezia kijakazi kwenye nyumba ya watu. Likabaki daraja la elfu moja mia nane hamsini na moja, na chini yake la arobaini na moja.

Utepe wa hamsini na moja ulikuwa mashineni kwa bibi mmoja kutoka Burnley aliyekuja na sandwichi zake na mto wa kukalia. Clifford alikohoa. Bibi akageuza ukurasa. Clifford akaangalia saa. Bibi akafungua sandwichi. Mkaguzi wa mabasi hakuumbwa kungoja nyuma ya mtu, basi akachukua utepe wa arobaini na moja, akaruka daraja.

Na humo akapata. Mtaa wa Chapel Fold, nyumba ya Enoch Barcroft mwenyewe, mfumaji. Enoch, mkewe Tabitha, wana wawili. Na papo hapo chini yao: Betty Barcroft, miaka ishirini na tano. Kezia Barcroft, miaka miwili. Sensa ya mwaka ule haikuandika nani ni nani wa nani. Iliandika majina tu yakifuatana. Lakini Clifford hakuhitaji kuandikiwa. Ni nani huyo Betty kama si binti yake Enoch, na Kezia kama si mjukuu? Alitoa nakala. Alimpita bibi wa Burnley bila kumtazama. Utepe wa hamsini na moja hakuurudia tena mpaka aliporudishwa kwa nguvu.

Kuanzia siku hiyo hakukaliki. Alianza kusema "babu yetu Enoch" katika maduka. Alimsahihisha mhubiri mlangoni kuhusu tabia za Enoch. Alinunua ukanda wa ngozi wenye kikombe kitovuni cha kuchomekea mlingoti, akautia nta kila jioni, akajizoeza uani kwa mti wa kuanikia nguo, mashuka ya Hilda yakiwa bado yananing'inia. Majirani waliweka viti.

"Shusha mashuka yangu," Hilda alimwambia kupitia dirisha.

"Nazoea upepo."

"Upepo unao wa kutosha, Clifford, hauna haja ya kuongezewa."

Mwezi wa tano wazee wa kanisa waliitisha chai, wasikie ushahidi. Ukumbi ulijaa. Palikuwa na sandwichi za ulimi wa ng'ombe, keki, na birika la chai la ukubwa wa ndama. Hakuna mwingine aliyejitokeza kudai, kwa hiyo ilikuwa Clifford na Clifford tu. Angeweza kusoma majina mawili matatu, wazee wakapiga kura, akaenda nyumbani na mlingoti wake. Wilf mwenyewe alikuwa na kalamu mkononi tayari kutia sahihi.

Lakini maringo yana njaa yake. Clifford alikuwa amekodi projekta. Alitaka ukurasa ule uonekane ukutani, mkubwa, watu wamsome Enoch na ukoo wake kama wasomavyo Amri Kumi.

Alisimama na fimbo ya kuelekezea. "Ndugu zangu. Huyu hapa Enoch. Tabitha. Wana. Na hapa, chini ya dari ileile, bibi yake bibi yangu, Betty, na mwanawe Kezia. Nadhani hata aliye nyuma anaona."

"Mimi sioni!" Doreen alipaza sauti kutoka nyuma, mdomo umejaa keki. "Kuza kidogo, Clifford wetu."

Clifford, kwa huruma ya mkubwa kwa mdogo, akakuza. Akakuza tena. Majina yakawa makubwa kama milango. Na kati ya jina la mtoto wa mwisho wa Enoch na jina la Betty, pembeni mwa ukuta, kikatokea kistari cha mshazari, cheusi, kinene kama mkono wa mtoto.

Ukumbi mzima ukainua vichwa. Wewe unaweza usijue maana ya kistari hicho, lakini ukumbi ule ulikuwa umejaa wafukua wafu, na hakuna mfukua wafu wa Ogdenshaw asiyekijua, kama Mwislamu anavyoijua Fatiha.

"Clifford, kijana," alisema Wilf Tattersall taratibu, maana kule hata mzee wa miaka sabini huitwa kijana na mwenzake. "Hicho kistari ni cha nini?"

"Kipi?"

"Hicho ulichokiwekea fimbo."

"Kalamu iliteleza."

"Kistari kimoja," alisema bibi wa kiti cha mbele, kama aongozaye kwaya, na ukumbi wote ukamjibu: "familia nyingine, nyumba ileile!"

"Vistari viwili?"

"Nyumba nyingine!"

"Basi ni familia nyingine, kijana," alisema Wilf. "Nyumba za Chapel Fold zilikuwa na chumba cha chini, ardhini. Wenye nyumba juu, wapangaji chini."

"Ni Barcroft!" Clifford alipiga ukuta kwa fimbo. "Jina ni lile lile! Mtasemaje?"

"Mabarcroft katika milima hii ni wengi kuliko kondoo," alisema mtu wa kwenye birika.

Mtu aliyemkamata mama mkwe wake kwa kuzidisha kituo kimoja, alishindwa kuona mpaka uliochorwa kwa wino. Nyani haoni kundule. Lakini ngoja, maana bibi wa kiti cha mbele alikuwa amevaa miwani yake ya pili.

"Na ile herufi mwishoni, mbele ya jina la Betty? Safu ya mwisho?"

Safu ya mwisho ya sensa ya mwaka ule ina swali moja: je, mtu huyu kazaliwa katika jimbo hili? Enoch: ndiyo. Tabitha: ndiyo. Wana: ndiyo, ndiyo. Betty: hapana.

"Hapana," alisoma Wilf.

Mtu akaweka kikombe chini. Huko ni jimbo la Lancashire. Nyuma ya kilima, unaweza kuliona kwa macho, ni Yorkshire. Watu wa majimbo hayo mawili walishapigana vita vya kugombea ufalme, wakachoka, wakaendelea kwa kriketi. Mtu wa Lancashire anaweza kukwambia bila haya kwamba babu yake alinyongwa kwa kuiba farasi, lakini akiwa na shangazi aliyeolewa Yorkshire, husema shangazi yetu alifariki.

"Labda ni jimbo la Cheshire," alisema Clifford, sauti imekonda. "Cheshire wana mashamba."

"Sensa ya hamsini na moja inataja mahali," alisema Wilf. "Umeiangalia?"

Clifford alikunywa chai. Ilikuwa ya mtu mwingine.

Basi Jumamosi yake wakaenda maktaba, na sijui kama mashine ile ilishawahi kuonwa na watu wengi namna hiyo. Wilf aliketi, wengine wakasimama nyuma yake mpaka mlangoni, Doreen na aproni yake, Hilda na kikapu. Clifford aliwekwa kiti cha pembeni kama mgonjwa. Utepe ukazunguka. Chapel Fold. Enoch, kazeeka kidogo. Kistari. Chumba cha chini.

Wilf alisoma, na kwa mara ya kwanza kope zake zilipanda zote mbili. "Betty Barcroft. Mkuu wa kaya. Hajaolewa. Kezia, binti yake, miaka kumi na miwili. Kazi ya Betty..." Akasogeza uso kwenye kioo. "Kazi, mkusanya mkojo."

"Mkusanya nini?"

"Mkojo. Wa viwanda vya sufu."

Na hapo hakuna aliyeshangaa jambo lenyewe, maana wenyeji wa kule wanalijua. Sufu ikitoka kwa kondoo ina mafuta, na zamani iliondolewa mafuta kwa mkojo wa binadamu uliolazwa ukachacha. Palikuwa na mtu wa kupita na ndoo mbili na mti begani, mlango kwa mlango asubuhi, kukusanya wa usiku. Walilolishangaa ni kwamba Clifford Pickup, aliyekataa kupita mbele ya duka la utumbo, alikuwa amelitafuta mwenyewe, akalikodia projekta.

"Na alizaliwa wapi?" aliuliza Doreen.

Wilf alitoa kitambaa akajifuta paji la uso. "Yorkshire."

Hilda alicheka kwanza. Alishikilia rafu ya vitabu akacheka kama mtu anayelipwa malimbikizo yake yote siku moja. "Mama yangu," alisema, machozi yakimtoka, "mama yangu alishushwa kwenye mvua na mjukuu wa ndoo!" Mtunza maktaba alisema kimya tafadhali, kisha naye akaenda nyuma ya makabati, na makabati yakasikika yakicheka.

Clifford alitoka bila kofia.

Siku kadhaa hakuonekana. Wazee wa kanisa walikutana kuamua la mlingoti, maana Pentekoste ilikuwa inagonga mlango na damu ya Enoch ilikuwa imekwisha duniani, labda imebaki kwa mbwa wa Percy. Wengine walisema upigiwe kura. Wengine walisema bendera ibaki kabatini. Doreen alisimama, akiwa bado na aproni.

"Mie sikusoma," alisema, "lakini nina swali. Enoch alihubiri wapi, kabla ya kanisa?"

"Chumbani kwake," walisema.

"Na chini ya chumba hicho alikuwa nani? Betty wetu. Mahubiri yote yalimpitia kichwani, na sakafu za Chapel Fold ni mbao tupu. Enoch alifuma, sawa. Sufu aliyofuma ilisafishwa na nani? Kama si Betty, kanisa lenu lingenuka kondoo mpaka leo. Tena nyinyi hamtafuti mhubiri. Mnatafuta mbebaji. Kati ya wawili hao, nani aliyebeba?"

Wazee walitazamana. Bibi wa kiti cha mbele akasema Amina kabla ya mtu yeyote kumuuliza. Wilf akauliza: "Kwa hiyo unautaka wewe, Doreen?"

"Mimi siku hiyo nauza pai. Mpeni Clifford wetu, mwacheni abebe, atakufa akiukosa. Ila asimame mbele ya watu kwanza aseme anaubeba kwa nani. Jina lake, kazi yake, na kwao. Vyote vitatu. Asije akatuzulia Enoch wa pili."

Ikapitishwa, na Wilf akaenda mwenyewe kumpelekea habari. Alimkuta Clifford jikoni, ukanda wa ngozi juu ya meza, amekaa anautazama kama mtu anayetazama mbwa aliyemng'ata.

"Maneno matatu tu, kijana," alisema Wilf. "Kisha mlingoti ni wako mpaka ufe."

"Naweza kusema alikuwa katika biashara ya sufu?"

"Doreen atakuwepo."

"Msambazaji wa malighafi?"

"Doreen atakuwepo, Clifford."

Ijumaa yenyewe ilipambazuka na upepo. Bendi ilijipanga mbele ya kanisa, watoto wakajikuna, bendera ikafunguliwa, Enoch kachorwa katikati yake na ndevu ambazo pengine hakuwa nazo. Doreen alikuwa amefunga duka kwa muda, pai zikimngoja. Alishika mlingoti wa kulia mwenyewe, umesimama wima, akingoja kuukabidhi. Clifford akaja na suti nyeusi, ukanda kiunoni, uso umenyolewa hadi umechubuka. Watu walimfanyia njia. Hata mimi nitakubali, alitembea vizuri.

"Haya, Clifford wetu," alisema Doreen, si kwa ukali. "Unaubeba kwa nani?"

"Kwa Betty Barcroft," alisema Clifford.

"Kazi yake?"

Alitazama juu, kwa Enoch wa hariri. "Alikusanya... majimaji."

"Ya kisimani?"

"Ya nyumba kwa nyumba."

"Clifford."

"Haja ndogo!"

"Clifford, watoto wanachoka."

"Mkojo," alisema. Alilisema kama jino linavyotoka, na lilipotoka akashangaa kuwa bado amesimama. Hakuna aliyecheka. Bibi mmoja alimpigia makofi. Kitu fulani kikaingia machoni mwake, kama mtu aliyelipa nauli ya zamani akagundua haikuwa kubwa hivyo. "Mkojo," akarudia, kwa nguvu zaidi. "Na alibeba ndoo mbili, mlima huu, kila siku ya Mungu, na binti mdogo nyuma yake. Nani mwingine kati yenu ana mtu kama huyo?"

"Vizuri sana," alisema Doreen, na macho yake nayo yalikuwa na maji kidogo. Akausogeza mlingoti. Mkono wa Clifford ukaugusa. "Na kwao?"

Clifford akarekebisha ukanda wake.

Bendi ilingoja. Mpiga ngoma aliinua vijiti, akavishusha.

"Kwao, Clifford. Neno moja."

"Karani alikosea."

"Karani yupi?"

"Wa hamsini na moja. Alikuwa amelewa. Wale makarani walikuwa wanapewa bia kila nyumba, inajulikana."

"Na wa arobaini na moja naye alilewa?"

"Walikuwa ndugu."

Mtu huyu, nakuambia, alikuwa ameifanya sensa kuwa Biblia kwa miezi mitano. Alikuwa amelimeza neno mkojo mbele ya bonde zima, na likashuka. Mlingoti ulikuwa kwenye vidole vyake. Palibaki jina la jimbo, ambalo ungeweza kulitamka kwa pumzi moja, ukikohoa. Wilf alimtazama kwa kumsihi. Hilda, upande wa barabara, alisema kwa sauti ya chini, "Sema tu, mwanamume wewe, sema tukale." Midomo ya Clifford ikafunguka. Ikapata umbo la neno. Ikafungwa.

"Mkojo nakubali," alisema. "Yorkshire sikubali."

Doreen alipumua. Akauvuta mlingoti kwake, akauchomeka kwenye mfuko wa aproni kwa kuwa ukanda hakuwa nao, akamwonyesha mkuu wa bendi kwa kidevu. Tarumbeta zikalia. Bendera ikaondoka, Enoch akayumba, na Doreen Lumb wa utumbo na pai akapita chini yake, kifua mbele, watu wa pande zote wakisema neno lile alilolitaka Clifford maisha yake yote.

Upepo ulikuwa mkali na kamba moja ya nyuma haikuwa na mtu. Clifford aliitazama ikipigapiga hewani. Kisha akaikimbilia, akaishika, maana hata hivyo hakuweza kuiona bendera inaondoka bila yeye. Akaenda nayo kilima chote, akivutwa kama mbuzi, na njia nzima hakufunga mdomo. Aliwaeleza walio kushoto kwamba Betty wake hakukusanya ovyo. Alikusanya kwa Wamethodisti tu, watu wasiogusa pombe, na viwanda vilitoa bei ya juu kwa mali ile kwa kuwa ilikuwa safi, si kama ya makanisa ya wanywaji. Aliwaeleza walio kulia.

Walipokutana na maandamano ya Waanglikana njia panda, alimtazama mzee wa upande wa pili aliyeshika kamba kama yeye, akamwuliza ukoo wake ulikuwa mtaa gani zamani. Mzee akamtajia.

"Aa," alisema Clifford Pickup, na pua yake ikapanda ilikozoea kukaa. "Pole sana. Wa kwenu ulikuwa daraja la pili."